Az-Zahrawi, mpasuaji wa Qurtuba aliyeiogopa shingo

Katika karne ya nne ya Hijra, huko Andalusi, mwanamke mmoja aliota uvimbe shingoni. Haukuwa ugonjwa wa ajabu. Ni yale matezi ambayo matabibu wa Kiarabu waliyaita khanazir, yanayojitokeza chini ya taya na kando ya shingo, moja baada ya jingine, kama shanga uzini. Alipelekwa kwa tabibu. Tabibu huyo alikuwa na kisu, na alikuwa na moyo wa kuthubutu, lakini hakuwa na elimu ya yaliyomo chini ya ngozi. Akapasua. Kisu kikapita tezi kikaingia kwenye mishipa mikubwa ya damu, na yule mama akachuruzika damu mpaka akaanguka mbele yake, maiti.

Kisa hiki hakikuandikwa na kadhi wala na mwanahistoria. Kiliandikwa na tabibu mwingine wa nchi ile ile, aliyekishuhudia, naye akakiweka mwanzoni kabisa mwa maandishi yake juu ya upasuaji ili kila mwanafunzi akutane nacho kabla ya kushika chombo. Jina lake ni Abul-Qasim Khalaf bin Abbas az-Zahrawi. Wazungu, ndimi zao zilipowashinda, walimwita Abulcasis, na wengine Albucasis. Wengi wetu tumelisikia jina lake likitajwa pamoja na Ibn Sina na ar-Razi, lakini ni wachache wanaoijua kazi yake yenyewe. Basi leo natumtazame mtu huyu kwa upande mmoja tu, nao ni maradhi ya matezi ya kichwa na shingo. Naona hapo ndipo anapoonekana wazi zaidi kuliko mahali pengine popote.

Nisba yake yatueleza alikotoka. Mwaka 936 Khalifa Abdurrahman wa Tatu, an-Nasir, alianza kujenga mji mpya kiasi cha kilomita nane magharibi ya Qurtuba, chini ya mlima, akauita Madinat az-Zahra. Kulikuwa na majumba ya marumaru, bustani zenye maji yaitwayo kwa mifereji, na kumbi za kuwapokea wajumbe wa wafalme. Kuzaliwa kwa Abul-Qasim huwekwa karibu na mwaka huo huo, na nisba ya al-Ansari anayopewa yamfikisha kwa wale watu wa Madina waliompokea Mtume (S.A.W.) na Muhajirina wake.

Qurtuba ya siku zile ilikuwa na misikiti, hamamu na masoko ya vitabu ambayo miji mingi ya Ulaya haikuyaota. Khalifa al-Hakam wa Pili, aliyetawala tangu 961 hata 976, aliwatuma watu mpaka Misri, Sham na Baghdad wakanunue vitabu, na wanahistoria wa kale wanaifikisha maktaba yake kwenye vitabu laki nne. Hata tukitoa nusu kwa ajili ya mapenzi ya wasimulizi, bado ni hazina kubwa. Katika mji kama huo kijana mwenye akili hakukosa cha kusoma, na yaonekana Abul-Qasim alisoma sana, kwani maandishi yake yamejaa elimu ya Wayunani iliyokwisha kufasiriwa kwa Kiarabu, pamoja na ya Waislamu waliomtangulia.

Habari za maisha yake ya nyumbani ni chache mno. Al-Humaydi, mwanachuoni wa Andalusi aliyefariki 1095, alimwandikia mistari michache tu katika kitabu chake cha wasifu wa watu wa nchi hiyo: kwamba alikuwa mtu wa fadhila, dini na elimu, na kwamba elimu aliyowashinda kwayo wenziwe ilikuwa ya tiba. Anayetaka zaidi ya hayo hana budi kumtafuta katika kitabu chake mwenyewe, na humo Abul-Qasim hakujificha. Anasema alichokiona, anasema alichokifanya kwa mkono wake, na asichopata kukiona pia anakisema.

Kitabu hicho jina lake ni At-Tasrif liman ajiza anit-ta'lif. Maana yake kwa ufupi ni kitabu cha kumtosheleza yule asiyeweza kujikusanyia vitabu vingine. Kina makala thelathini, na kilitimia yapata mwaka 1000. Sehemu iliyo kubwa ni ya dawa: vidonge, marhamu, mafuta, sharubati, na chakula kimfaacho mgonjwa. Makala ya thelathini, ya mwisho kabisa, ndiyo ya upasuaji, nayo imegawanywa milango mitatu. Wa kwanza ni wa kuchoma kwa chuma cha moto, wa pili ni wa kupasua na kutumbua na kushona, na wa tatu ni wa mifupa iliyovunjika na viungo vilivyoteguka. Ndani yake mna picha za vyombo kama mia mbili, visu na kulabu na misumeno na koleo na sindano, na mara nyingi ameeleza kifanywe kwa madini gani na kiwe na umbo gani, hata mhunzi asiyejua kusoma angeweza kukifua kwa kutazama tu.

Kwa nini upasuaji ukawekwa mwisho? Mwenyewe anaeleza katika dibaji. Anasikitika kwamba katika nchi yake na zama zake kazi hii imekaribia kutoweka, na kilichosalia ni mabaki katika vitabu vya kale, tena yaliyoharibiwa na wanakili. Sababu anaiona moja: watu wanaikimbilia kazi ya mkono kabla ya kujua mwili ulivyopangwa, mifupa yake, neva zake, mishipa yake inayopiga na isiyopiga. Hapo ndipo anapoleta kisa cha yule mama wa matezi. Anafuatisha cha mzee mmoja aliyetolewa jiwe la kibofu pamoja na kipande cha kibofu chenyewe, akafa baada ya siku chache, na vingine vya namna hiyo. Majina ya matabibu hao hakuyataja. Kisha anawageukia wanafunzi wake, ambao daima anawaita wanawe, anawaambia kuwa kazi ya kupasua ni mafungu mawili, la usalama na la hatari, nao wajihadhari na la pili wasije wakajiletea aibu duniani na hasara akhera.

Sasa shingo. Fikiri, msomaji, jinsi Mwenyezi Mungu alivyokusanya mambo katika njia nyembamba namna ile. Pumzi inapita hapo, chakula kinapita hapo, damu yote ya kichwa inapanda na kushuka hapo, na neva za sauti zimelala humo nyembamba kama uzi wa cherehani. Baina ya vitu hivyo yamejipanga matezi: ya mate chini ya taya na chini ya ulimi, ya mafindofindo kooni, yale madogo madogo ya kuzuia maradhi kandokando, na lile kubwa lenye umbo la kipepeo lililokumbatia koromeo, ambalo likivimba ndilo tuliitalo rovu. Leo mpasuaji ana dawa ya kumlaza mgonjwa asisikie, ana damu ya kumwongezea, ana taa na picha. Az-Zahrawi alikuwa na mwangaza wa jua, mtumishi wa kumshika mgonjwa, na vidole vyake.

Tuanze na mafindofindo. Az-Zahrawi hakubali kila findo likatwe. Likiwa gumu, limepiga weusi, halina hisia, anasema lisiguswe kwa chuma. Likiwa jekundu na shina lake nene, hilo nalo liachwe mpaka liive, kwa kuchelea damu. La kukatwa ni lile jeupe, la mviringo, lenye shina jembamba. Hapo mgonjwa ataketishwa mbele ya jua, kichwa chake pajani pa mtabibu, kinywa wazi. Mtumishi atakandamiza ulimi kwa chombo cha fedha au shaba, chembamba kama kisu. Kisha ndoana itachomekwa katika findo, livutwe nje kadiri liwezekanavyo bila kuvuta ngozi nyingine ya koo, na likatwe kwa chombo mfano wa mkasi wenye ncha zilizopinda zikielekeana, cha chuma cha Hindi au cha Sham. Halafu mgonjwa atasukutua kwa maji baridi na siki, na damu ikizidi atasukutua kwa maji yaliyochemshiwa maganda ya komamanga. Anayekumbuka kupelekwa utotoni kukatwa mafindofindo atayatambua mengi ya hayo.

Baada ya maelezo hayo anasimulia kisa ambacho kwangu mimi ni miongoni mwa vilivyo bora katika kitabu kizima. Alikuta mwanamke ambaye ndani ya koo lake mliota uvimbe uliopiga weusi, usio na hisia nyingi, uliokaribia kuziba njia yote. Alikuwa akivuta pumzi kwa kitundu kidogo tu, chakula na maji vilikuwa vimemshinda, na lau angebaki hivyo siku moja au mbili angekufa. Tena uvimbe ulikuwa umepanda juu mpaka matawi mawili yakachungulia kwenye matundu ya pua. Az-Zahrawi alifanya haraka. Akatia ndoana katika tawi moja, akavuta kikatoka kipande kikubwa, akakikata. Akafanya vivyo hivyo upande wa pili. Halafu akamfungua kinywa, akaukandamiza ulimi, akaudoea uvimbe wenyewe kwa ndoana na kukata sehemu yake, na damu iliyotoka ilikuwa kidogo. Mara yule mama akanywa maji, kisha akala chakula.

Mwandishi mwingine angeliishia hapo na kujisifu. Az-Zahrawi anaendelea. Anakiri kwamba uvimbe uliota tena, akaukata tena, ukaota tena, wakaenda hivyo kwa muda mrefu, hata alipouchoma kwa moto ndipo ukasita kuongezeka. Kisha yeye akasafiri kutoka pande zile, na anamaliza kwa kusema kuwa hajui Mwenyezi Mungu alimfanyia nini yule mama baada yake. Hakutunga mwisho mwema.

Chini ya ulimi nako huota kivimbe ambacho Waarabu walikiita chura, kutokana na umbo lake, nacho leo yajulikana kuwa aghalabu hutokana na kijitezi cha mate kilichoziba au kupasuka. Shauri lake ni la namna ile ile. Kikiwa cheusi, kigumu, kisicho na hisia, hiyo ni saratani, kiache. Kikielekea weupe na kina majimaji, kishike kwa ndoana ukikate kwa kisu chepesi.

Turudi kwenye yale matezi ya khanazir yaliyomuua yule mama wa mwanzo, maana mtu aliyeshuhudia kifo kile anatarajiwa aseme la kufanya. Naye amelisema kwa urefu. Kwanza kipapase kivimbe kwa vidole. Kikiwa kinatembea chini ya ngozi kila upande, hakikushikamana na neva wala mshipa, wala hakikuzama ndani, hicho ndicho cha kupasuliwa. Chanja ngozi kutoka juu kwenda chini. Ivute midomo ya jeraha kwa kulabu. Kisha kitoe kivimbe kidogo kidogo, bila pupa, ukikitenga na vilivyokizunguka. Kisu chenyewe kisiwe kikali kupita kiasi, usije mkono ukateleza au mgonjwa akagutuka ukakata usichokusudia. Mshipa ukikatika, tia unga wa kukausha damu, wa jamii ya mrututu, ufunge jeraha na kuliacha mpaka litulie. Ukikuta mshipa mkubwa katika shina la kivimbe, usilikate shina hilo. Lifunge kwa uzi wenye nguvu uliokunjwa mara mbili, uliache mpaka lianguke lenyewe. Na ukimaliza, ingiza kidole utafute vile vidogo vilivyojificha, kwani ukiacha kimoja maradhi yatarudi.

Maneno ya kisu kisichokuwa kikali sana yanaweza kumshangaza msomaji. Lakini mwenye kukata ngozi ya mgonjwa aliye macho, anayepiga mateke, anayajua zaidi kuliko sisi.

Kisha laja rovu. Matabibu wa Kiarabu walilipa jina la kuchekesha kidogo, filatul-hulqum, kwa kulifananisha na tembo, kwa ukubwa wake. Az-Zahrawi anasema ni uvimbe mkubwa wa rangi ya mwili, na kwamba hutokea zaidi kwa wanawake, jambo ambalo madaktari wa leo wanalithibitisha. Anaugawa mafungu mawili, wa kuzaliwa nao na wa kutokea baadaye. Ule wa kuzaliwa nao hauna hila. Wa kutokea baadaye ni namna mbili: mmoja unafanana na vifuko vya mafuta vinavyoota chini ya ngozi, na wa pili unafanana na uvimbe wa mshipa wa damu uliotanuka. Huo wa pili una hatari, na kisu kisiukaribie ila ukiwa mdogo sana. Wa kwanza waweza kupasuliwa, ukatolewa pamoja na mfuko wake, kwa sharti kwamba umekwisha kuupima ukajua haukushikana na mishipa.

Kuupima vipi? Kwa chombo alichokiita madass, mfano wa sindano ndefu, kinachochomekwa taratibu ndani ya uvimbe ili kujua kilichomo: maji, mafuta, damu au nyama. Daktari wa zama zetu anayeshuku rovu naye huchoma sindano nyembamba, akavuta chembe chache na kuzitazama kwa hadubini kabla ya kuamua lolote. Hadubini Az-Zahrawi hakuwa nayo, lakini kanuni ya kutopasua kabla ya kujua alikuwa nayo.

Hapa pana jambo la kusahihisha. Katika baadhi ya maandishi ya historia ya upasuaji imeelezwa kuwa Az-Zahrawi alilitoa rovu kubwa kwa mafanikio mwaka 952, na kwamba huo ulikuwa upasuaji wa kwanza wa namna yake duniani. Lakini ikiwa alizaliwa yapata 936, basi mwaka huo alikuwa kijana wa miaka kumi na sita. Kadhalika wapo wanaompa sifa ya kuvumbua kila kitu, ilhali mwenyewe ananukuu waliomtangulia, na sehemu nzuri ya elimu yake ya kupasua yatokana na Paulo wa Aegina, tabibu Myunani wa karne ya saba. Mtu huyu hahitaji kuongezewa chumvi. Kwa kweli fungu la rovu katika kitabu chake ni la tahadhari zaidi kuliko la ushujaa.

Hata katika kutoboa koo ili mgonjwa apate pumzi, ambako pia husifiwa, yeye anasema waziwazi kuwa watu wa kale walikuelezea lakini katika nchi yake hakuona aliyekufanya. Alichokiona ni hiki. Kijakazi mmoja alichukua kisu akajikata koo. Az-Zahrawi akaitwa, akamkuta akikoroma kama mnyama aliyechinjwa. Akalitazama jeraha: damu iliyotoka ni kidogo, mishipa mikubwa haikuguswa, ila koromeo lilikuwa limekatwa na pumzi inatokea hapo. Akalishona, akalitibu mpaka likapona, na yule msichana hakubaki na ila yoyote isipokuwa sauti kukwaruza. Kutokana na hilo akapata hoja kwamba jeraha la koromeo si lazima liue.

Elimu ya leo imeyaweka wazi mengi ambayo kwake yalikuwa kiza. Matezi ya khanazir mara nyingi ni kifua kikuu kilichoingia shingoni, nayo sasa hutibiwa kwa vidonge vya miezi, si kwa kisu. Rovu aghalabu hutokana na upungufu wa ayodini katika chakula, ndiyo maana tangu zamani limewaandama watu wa milimani kuliko sisi tulao samaki. Kwa sababu hiyo sheria ya Kenya inataka chumvi ya kula itiwe ayodini, na sehemu kubwa ya chumvi hiyo yatoka hapa hapa pwani, katika mashamba ya Gongoni na Marereni.

Na upasuaji wa rovu wenyewe ulichukua karibu miaka mia tisa baada ya Az-Zahrawi kuwa jambo la salama. Aliyeufikisha huko zaidi ya wengine ni Theodor Kocher wa mji wa Bern, Uswisi, aliyezaliwa 1841 na kufariki 1917. Alipasua maelfu ya marovu, na kwa usafi wake na utaratibu wake vifo vikapungua hadi chini ya mtu mmoja katika mia. Walakini mwaka 1883 yeye naye aliwatangazia wenziwe jambo la kusikitisha. Aliwaita wagonjwa wake wa zamani ambao aliwatolea tezi zima, akakuta wengi wao wamevimba nyuso, wamezubaa, na watoto wamedumaa, kwa kuwa mwili hauwezi kuishi sawasawa bila tezi lile. Tangu hapo akaacha kulitoa lote ila kwa dharura, na mwaka 1909 akapewa Tuzo ya Nobel. Siku hizi aliyetolewa tezi zima hupewa kidonge cha kila siku, akaishi kama watu. Az-Zahrawi hakuyajua hayo wala asingeweza kuyajua. Lakini wagonjwa wengi wa rovu waliomjia walirudi makwao na matezi yao, na siri hii iliyogunduliwa Bern yaonyesha kwamba hawakupata hasara.

Uzee wake ulikuwa wa dhiki. Baada ya kufa waziri mwenye nguvu al-Mansur mwaka 1002, haukupita muda dola ya Andalusi ikaanza kuvunjika. Mwaka 1009 fitina ikawaka Qurtuba. Mwaka 1010 Madinat az-Zahra, mji aliozaliwa, ukaporwa na kuchomwa, na marumaru zake zikachukuliwa kujengea majumba ya wengine. Mwaka 1013 Waberberi wakaingia Qurtuba yenyewe baada ya kuizingira kwa muda mrefu. Ni katika mwaka huo, 404 Hijria, ambapo kifo cha Abul-Qasim huwekwa. Ibn Hazm, aliyekuwa bado kijana na akakimbia mji katika misukosuko hiyo hiyo, alikuja kuandika risala ya fahari za Andalusi, na humo akaitaja At-Tasrif kwa sifa kubwa, akisema kuwa mtungaji wake alimdiriki na kumwona.

Kitabu kilinusurika kwa sababu kilikuwa kimekwisha kunakiliwa. Katika karne ya 12, mjini Toledo, Gerard wa Cremona aliifasiri makala ya upasuaji kwa Kilatini. Guy de Chauliac, mpasuaji mkubwa wa Ufaransa katika karne ya 14, alimtegemea mara nyingi katika kitabu chake cha 1363. Mwaka 1465 huko Amasya, tabibu Sharafuddin Sabuncuoglu aliandika kwa Kituruki kitabu cha upasuaji kilichosimama juu ya At-Tasrif, akachora vyombo, na akaongeza picha za matabibu na wagonjwa wakiwa kazini. Tafsiri ya Kilatini ilipigwa chapa Venice 1497, na mwaka 1778 ikatoka Oxford chapa yenye Kiarabu na Kilatini pamoja.

Mji wa Madinat az-Zahra ulilala chini ya udongo mpaka wachimbuaji walipoanza kuufukua mwaka 1911, na mwaka 2018 UNESCO ikauandika katika orodha ya turathi za dunia. Sehemu iliyofukuliwa hata sasa ni ndogo. Katika Qurtuba yenyewe, si mbali na ule msikiti mkubwa uliogeuzwa kanisa, kuna kichochoro chembamba chenye kuta nyeupe kiitwacho Calle Albucasis, yaani njia ya Abul-Qasim.